"1200 Ama Ukae"? Acheni Kututisha na Mashine za Santuri

Wiki jana niliweka video ya sekunde arobaini hivi. Hakuna maneno mengi ndani yake. Santuri ya babu inazunguka, gitaa linaingia, mimi natabasamu kama mjinga. Watu wakaipenda. Halafu wakaja wale wajuaji kwa maoni. "Buda, hiyo si mashine." "Nunua 1200 ama ukae." Mwingine akanitumia ujumbe wa pembeni, kwa heshima kabisa, kwamba kama sina doo ya Technics SL-1200MK2 basi nisubiri, nisizitese santuri za mzee.

Nisubiri hadi lini? Mimi niliacha chuo mwaka wa pili kwa sababu ya karo. Natengeneza video kwa simu yenye kioo kilichopasuka. 1200 niliyoulizia bei hapa Nairobi mwaka huu, muuzaji alitaka 95,000. Hiyo kwangu ni kodi ya nyumba ya karibu mwaka mzima. Kwa hivyo hiyo "subiri" yenu, wasee, maana yake ni "usisikilize". Semeni tu hivyo tuelewane.

Leo nataka tubishane vizuri, kwa hoja. Msimamo wangu ni huu: kama mfuko ni mwepesi, tafuta mashine ya zamani ambayo mota inazungusha sinia moja kwa moja, bila mkanda, isiyo na jina kubwa lakini yenye afya. Usilipie jina. Usilipie plastiki eti kwa sababu ni mpya. Lipia hali ya mashine.

Na nianze na kosa langu mwenyewe, ndio mtu asiseme naongea kutoka juu ya mti.

Babu yangu alipiga gitaa la pili kwa bendi ndogo ya benga miaka ya 1970. Bendi haikuvuma. Walikuja Nairobi, wakarekodi santuri moja ndogo ya inchi 7, spidi ya 45, sehemu ya kwanza upande huu na sehemu ya pili upande ule, kama zilivyokuwa santuri nyingi za benga. Wakalipwa kidogo, wakapanda basi wakarudi nyumbani. Nakala ninayoijua ni hiyo moja ya babu. Nimetafuta nyingine mpaka kwa vibanda vya santuri pale Kenyatta Market, sijaiona. Babu alituacha 2019. Hatuna video yake akipiga gitaa. Tuna hiyo santuri tu.

Sasa, malipo yangu ya kwanza ya maana kutoka kwa video nilifanya nini? Nilinunua lile sanduku dogo la rangi, lile lenye mpini na spika ndani, linalofungwa kama sanduku la kwenda bordingi. 12,000. Nilikuwa nimemwona mwenzangu wa video akilisifu, amelivalia hadi kofia ya kufanana nalo. Nikaweka santuri ya babu. Sitadanganya, siku ya kwanza nililia.

Nikaicheza labda mara hamsini kwa miezi miwili. Kisha nikaanza kusikia kitu upande wa pili, pale bendi inaponyamaza na gitaa la babu linabaki na ngoma peke yake. Mchemko. Kama mafuta ya mandazi yakipata moto. Nikadhani ni vumbi, nikasafisha. Mchemko ukabaki. Nikaipeleka kwa fundi mmoja mzee pale Luthuli, akaiinua kwa mwanga, akaigeuza.

"Kijana wangu, hii santuri umeilisha kisu."

"Lakini Mzee, mashine ni mpya."

"Kilicho kipya ni karatasi ya kufungia."

Akanieleza, na tangu siku hiyo nimesoma mwenyewe nikathibitisha. Sindano za hayo masanduku mengi hukandamiza santuri kwa gramu 5 au 6. Mashine ya heshima yenye katriji ya sumaku hukanyaga kwa gramu 1.5 hadi 2, tuseme 3 ikizidi sana. Unaweza kusema gramu ni kitu gani. Lakini ncha ya sindano ni ndogo kuliko unavyofikiria, na uzito wote huo unakaa juu ya hicho kidoti, unasugua ukuta wa mfereji raundi baada ya raundi. Na mkono wa hayo masanduku hauna uzito wa nyuma wa kurekebisha. Ulivyonunua ndivyo ulivyo. Tena spika ziko ndani ya sanduku hilo hilo, kwa hivyo muziki unaitingisha sindano inayousoma.

Najua mtu atasema: kwani babu hakuzicheza kwa redio gramu yenye sindano nzito vile vile? Alizicheza. Ndiyo maana santuri zake nyingi zimechoka. Lakini wakati huo santuri ikichoka ulienda dukani ukanunua nyingine. Mimi ya kununua nyingine iko wapi?

Sasa hapa ndipo ninapowarudia nyinyi wa "1200 ama ukae". Mnajua nani huwapelekea wauza masanduku wateja? Nyinyi. Kijana anakuja na elfu 30, anauliza kwa upole anunue nini. Mnamcheka, mnamwambia arudi akiwa na laki. Harudi na laki. Anaenda na elfu 12 kwa mtu ambaye angalau amemkaribisha. Kati ya sanduku na mashine ya laki mmechimba shimo, halafu mnashangaa watoto wanatumbukia.

Na hilo shimo ni la uongo. Katikati kumejaa mashine nzuri.

Tuongee historia kidogo. Mwaka 1970 Technics, ambayo ilikuwa jina la kampuni ya Matsushita ya Japani, ilitoa SP-10, mashine ambayo sinia lake limekaa juu ya mota yenyewe. Kabla ya hapo mota ilizunguka mbio na kulisukuma sinia kupitia mkanda au gurudumu la mpira. Kwa mtindo mpya mota inazunguka polepole, raundi 33 na theluthi kwa dakika, sawa na santuri. Mwaka 1972 ikaja SL-1200. Na sikilizeni vizuri: ilitengenezewa watu wa kusikiliza muziki nyumbani. Madijei ndio waliigundua, wakaona inaanza haraka, ina nguvu, haitetemeki ovyo. MK2 ikaja mwishoni mwa miaka ya 1970 ikiwa na ile slaidi ya kubadilisha kasi, na hapo klabu zikaichukua jumla. Uzalishaji ukasimama 2010, ukarudi 2016. Ile miaka ya katikati ikaifanya mtakatifu.

Sipingi kwamba ni mashine kali. Napinga wewe uliye chumba kimoja Kahawa au Rongai, unayetaka kusikiliza santuri tatu za mzee wako Jumapili, kuambiwa lazima ulipie nguvu ya kusugua santuri mbele na nyuma kwenye klabu hadi alfajiri. Hiyo ni kununua lori la kwenda kuchukulia maziwa dukani.

Na nyingi za 1200 zinazofika kwetu zimeshafanya hiyo kazi ya klabu. Ile ya 95,000 niliishika mkono wake kwa vidole viwili, ukacheza kama jino la mtoto wa miaka sita. Slaidi ilikuwa inakwama katikati. Lakini jina lilikuwa linang'aa kwa mbele, na bei ilikuwa ya jina.

Kampuni hiyo hiyo, miaka hiyo hiyo, ilikuwa inatengenezea sebule za watu mashine nyingine ambazo hakuna dijei aliyezipigania. Majina yake ukiyajua kuyasoma hutadanganywa sokoni. SL-B ni ya mkanda. SL-D ni ya moja kwa moja. SL-Q ni ya moja kwa moja ikiwa na kwatzi, ile fuwele iliyo ndani ya saa za mkono, ya kuishika kasi isiteleze. Halafu namba: 1 unafanya kila kitu kwa mkono, 2 mkono unarudi wenyewe santuri ikiisha, 3 inafanya kila kitu yenyewe. Kwa hivyo SL-B2 na SL-D2 zikikaa pamoja kwa meza zinafanana kama mapacha, na ndani ni vitu viwili tofauti. Nimeona mtu akiuziwa B kwa bei ya D. Sasa wewe hutauziwa.

Si Technics pekee. Pioneer walikuwa na PL-518 na PL-530. Kenwood walikuwa na KD-500. Denon walikuwa na zao za DP. Hata Wajerumani, Dual, walitoa 701 mwaka 1973. Ukipata yoyote kati ya hizo ikiwa nzima kwa bei ya binadamu, usikimbilie kuniuliza kama ni 1200. Chukua.

"Lakini kwa nini uache ya mkanda? Mkanda ni bei rahisi, unabadilisha tu." Swali zuri, na jibu langu ni la Kenya, si la Marekani.

Mashine nyingi za zamani zinatufikia kutoka nje: mtu amerudi nyumbani na mizigo, ama kontena. Ya Marekani inataka volti 120. Ya Japani ya kwao kabisa inataka 100. Sisi ni 240. Hilo kila mtu analijua, ananunua transfoma. Kile ambacho wengi hawajui ni kwamba stima ya Marekani inapiga mara 60 kwa sekunde na yetu inapiga mara 50, na transfoma ya kawaida haibadilishi hiyo. Mashine nyingi za mkanda za zamani zina mota inayofuata mapigo ya stima. Ukileta ya Marekani hapa, itaenda sita ya chini: badala ya 33 unapata kama 28, badala ya 45 unapata 37 na nusu. Mwimbaji anasikika kama ameamshwa saa tisa usiku. Unaweza kuitengeneza, kwa kubadilisha puli ndogo ya mota kama utaipata, lakini hapo umeanza safari nyingine.

Mashine ya moja kwa moja haijali. Kasi yake inapimwa na saketi zake za ndani, si na mapigo ya stima. Ipe volti zake sahihi, itaenda 33 kamili hapa, Kisumu au Mombasa. Kwa sisi tunaoishi kwa vitu vya mtumba, hiyo sifa ni kubwa kuliko sifa zote za wajuaji.

Nitakubali moja, kwa sababu sitaki ushindi wa wizi. Mkanda ukikatika unanunua mkanda. Mota ya moja kwa moja ikiungua chipu, unaweza kukwama, kwa sababu baadhi ya hizo chipu hazitengenezwi tena. Mashine inabaki sinia la kubebea chai. Kwa hivyo sheria yangu ya kwanza haina mjadala: usinunue mashine ambayo hujaiona ikizunguka mbele ya macho yako. Picha si mashine. "Ilikuwa inafanya kazi" si mashine. Na ukifika nayo nyumbani, weka kizuizi cha stima inayorudi kwa kishindo.

Ukiiona ikizunguka, fanya haya. Iache iende robo saa, kwa 33 na kwa 45, kwa sababu kuna zingine huanza vizuri zikipata joto zinalewa. Angalia mkono: toa kufuli, usawazishe uelee hewani, uusukume kwa pumzi. Unafaa kuenda bila kukwama na bila kulegea. Angalia mahali kichwa cha sindano kinafungwa. Ikiwa ni kile cha kawaida cha kuzungusha na kukaza, utapata katriji ya kila bei. Mashine za baadaye za miaka ya 1980 zina zile za kuchomeka tu, na hapo chaguo zako zinapungua. Ile ya kujiendesha yenyewe kila kitu iogope kidogo, grisi ya ndani ikikauka baada ya miaka 40 mkono unakwama njiani. Kifuniko kimepasuka? Usijali, kitumie kuteremsha bei. Kasi inayumba ukigusa kitufe cha kuirekebisha? Mara nyingi ni uchafu tu, dawa ya kusafishia switi na kuzungusha kitufe mara thelathini inatosha.

Halafu kuna vidoti. Hizi mashine nyingi zina taa ndogo pembeni na safu za vidoti kwenye ukingo wa sinia. Kasi ikiwa sawa, vidoti vinaonekana vimesimama. Vikikimbia, kasi si sawa. Lakini kama taa inawaka kwa mapigo ya stima, kuna safu ya 50 na safu ya 60, na hapa Kenya unaangalia ya 50.

Nawaambia hili kwa sababu ndivyo nilivyopata SL-D2 yangu, na bado sijui kama nilifanya vizuri. Jamaa anayeuza vitu vya watu wanaohama alikuwa anataka 28,000. Akanionyesha mwenyewe, kwa uaminifu: "Mota imekufa nusu, ona vidoti vinakimbia." Alikuwa anaangalia safu ya 60. Ya 50 ilikuwa imesimama kama askari. Nikanyamaza. Nikampa 22,000. Nikishaifunga ndani ya blanketi ndio nikamwonyesha safu ya pili.

Akanyamaza kidogo. "Ungeniambia mapema, kijana."

Kweli, ningemwambia. Nimeshampelekea wateja wawili tangu siku hiyo, na nikimwona bado namnunulia chai. Lakini nasema wazi: muuzaji asiyejua na mnunuzi asiyejua, mmoja wao huumia, na mara nyingi ni sisi. Ndiyo maana nimeandika haya yote hapa bila kuwauzia chochote.

Hesabu yangu hii hapa, na ni bei nilizolipa mimi. Mashine 22,000. Katriji mpya na sindano yake 4,500, na hiyo usiiruke, kwa sababu sindano ya zamani iliyochakaa inaweza kufanya unyama ule ule wa sanduku. Transfoma 2,500. Kisanduku cha kukuza sauti 3,000, kwa sababu sauti inayotoka kwa mashine ya zamani ni dhaifu. Ukiichomeka moja kwa moja kwa wufa ya nyumbani utasikia mbu ndani ya chupa. Dawa ya kusafishia 600. Jumla 32,600. Niliilipa kwa miezi mitano, na mama hakufurahi. Alidhani nadunduliza za kurudi chuo. Tuliongea. Bado tunaongea.

Kuna mashine mpya za moja kwa moja pia, kama AT-LP120 ya Audio-Technica, na mwenye uwezo sina neno naye. Mimi naongea na yule ambaye bei ya mpya ikishaongezewa usafiri na ushuru inampita kwa mbali.

Na wewe unayeniambia "si urekodi tu kwa kompyuta uachane na mashine," nimeshafanya hivyo. Lakini kurekodi nako kunaanza na sindano. Ningerekodi kwa lile sanduku, ningekuwa nimehifadhi mchemko. Kwa D2 mchemko bado upo, siwezi kuurudisha mfereji uliochongwa. Ila sasa nyuma yake nasikia vidole vya babu vikibadilisha kodi. Hiyo sikuwahi kuisikia hata siku ile ya kwanza niliyolia.

Nilimtumia shangazi rekodi hiyo. Akapiga simu, hakusema lolote kuhusu spidi, wala kwatzi, wala 1200. Akasema, "Hapo kwa mwisho amekosea, na alikuwa anakataa."

Kwa hivyo wajuaji, endeleeni na 1200 zenu, mzitunze, ni mashine nzuri. Lakini kijana akiwauliza na elfu 30 mkononi, mwambieni ukweli: kuna mashine yake. Na wewe mwenye elfu 12 unayeliangalia lile sanduku la rangi, na nyumbani una santuri ya mtu wako ambayo haina ya pili, nakuomba kama ndugu: subiri miezi michache, ongeza, tafuta D. Huko ndiko kusubiri kwenye maana.

Nimemaliza. Sasa leteni mawe kwa maoni, lakini kila jiwe lije na bei na picha ya mkono wa mashine yako.